Herufi Nane za Spika

Watu hunionea wivu bure. Wanadhani mke wa mshereheshaji anachekeshwa asubuhi na jioni kama aliyelipa kiingilio. Thubutu! Mume wangu akirudi nyumbani alikuwa anasema "mm." Ukimuuliza chakula kimekolea chumvi, "mm." Ukimwambia paa linavuja, "mm," ila hiyo ilikuwa inashuka mwishoni. Sauti yake alikuwa anaikodisha huko nje, mimi naletewa makoti ya kufua.

Lakini mpe kipaza sauti uone! Ndiko lilikotoka jina la Spika, jina lililomganda mpaka mama yake mzazi naye akalitumia. Akisema "Ndugu zangu," waliokuwa wanagombania viti walikaa. Kila sherehe aliifungua hivyo. Na watu wakianza kuzagaa ukumbini, alikuwa na utani wake: "Kila mwananchi arudi kwenye kiti chake!" Walicheka huku wanarudi. Mimi nilikuwa nakaa nyuma kabisa, mikono inanukia mafuta ya saluni, najifanya simjui, na raha niliyokuwa nayo sikumwambia mtu.

Halafu koo likaanza kumkwaruza. Tukadhani ni vumbi, tukadhani ni soda za baridi. Mwishowe madaktari wakatuweka chini wakasema tuchague, sauti au mtu. Tulichagua mtu, wala hatukuomba muda wa kufikiri. Wakakitoa kile kijumba cha sauti kilichoko kooni, naye akarudi nyumbani na tundu dogo shingoni, analifunika kwa kitambaa nilichomshonea mwenyewe. Mzima, anakula, anatembea, anagombana na mimi kwa kuandika kwenye simu. Ila kimya. Mimi niliyelalamikia "mm" miaka nenda miaka rudi nikagundua kwamba "mm" nalo ni neno, na nilikuwa nalitamani.

Tuna mtoto mmoja, binti. Baba yake alimwita Bosi tangu yuko kwenye nepi, kwa jinsi alivyokuwa akiamrisha nyumba nzima kwa kilio chake. Nami hapo hapo nikawa Mama Bosi, sikupata tena jina lingine mdomoni mwake. Basi Bosi akapata mchumba, mipango ya harusi ikaanza, na siku ya kwanza tu ya kikao akatoa amri.

"Mshereheshaji ni baba," alisema. "Asiponiingiza ukumbini yeye, mimi naingilia mlango wa jikoni."

"Mwanangu, baba yako ataongea na nini?"

"Sijui. Mjomba atajua."

Nilimwangalia Spika. Nilitegemea atatikisa kichwa, maana tangu atoke hospitali alikuwa anakwepa hata kupita mbele ya kumbi. Badala yake akachukua simu, akaandika polepole, akaiweka mezani tusome wote. "Nimewatambulisha watoto wa watu maisha yangu yote. Wangu bado. Nataka niseme huyu ni mwanangu, kwa sauti yangu. Hilo tu."

Nikaichukua simu hiyo hiyo, nikampigia mjomba.

Mjomba anayetajwa ni kaka yangu mkubwa, fundi wa mitambo ya sauti. Tunamwita Shoti. Jina hilo alilipata ujanani, siku aliyochomeka kitu mahali pasipotakiwa akazima ukumbi pamoja na mtaa wa jirani. Tangu hapo amejirekebisha, lakini mpaka leo akishika waya mimi husogea mlangoni. Yeye na Spika walifanya kazi pamoja tangu mimi sijaolewa, na kumbe muda wote huo alikuwa anarekodi kila sherehe moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wake.

"Za nini sasa?" nilimuuliza.

"Ushahidi," alisema. "Mtu akinisingizia kwamba spika zangu zilikoroma, namsikilizisha."

Alikuja kwetu Jumamosi asubuhi na uso wa kazi, bati la biskuti kwapani. Ndani ya bati hakuna biskuti. Kuna kadi ndogo ndogo za kumbukumbu, na ndani ya kadi kuna mume wangu. Mkono wa pili alibeba sanduku jipya, na kabla hajalifungua akatufukuza wote mezani tukatoe vikombe.

Kilichotoka kilikuwa kidude cha kadiri ya sinia dogo, kimejaa vibonye vya mpira vya mraba vinavyowaka taa kwa chini. Shoti alisema kinaitwa kidhibiti cha MIDI, wapiga muziki wanakitumia.

"Msidhani kina sauti ndani," alituonya. "Chenyewe kinatoa amri tu. Ukibonyeza, kinaiambia kompyuta ipige namba fulani. Sauti za shemeji zinakaa kwenye kompyuta."

"Yaani hakifanyi kazi, kinaamrisha wenzake," nilisema. "Tunaye mmoja humu ndani tayari."

Bosi akanikata jicho.

Mle ndani ya sanduku, pembeni, kulikuwa na kisanduku kingine kidogo, na ndani yake kioo chembamba cha kuonyeshea maandishi. Hicho kinauzwa peke yake, unakichomeka ubavuni mwa kidhibiti. Shoti alisema bila hicho tutaumbuka, kwa sababu vibonye vyote vinafanana na ukumbini taa hupunguzwa. Shemeji yake angeweza kuita watu wakale wakati bwana harusi anavishwa pete. Kwa hiyo akapanga hivi: ukigusa kibonye kwa wepesi, kioo kinakuonyesha jina la maneno yaliyomo, kimya kimya. Ukikandamiza, kinasema.

Akachomeka, akawasha. Kioo kikapata rangi ya samawati, maandishi yakatokea, tukashangilia. Yalikuwa yamepinduka miguu juu. Shoti aliyasoma shingo imelala begani, akasema ndivyo kilivyotengenezwa. Nikamwambia basi tumwambie Spika naye ashereheshe akiwa amesimama kwa kichwa. Ilibidi apekue kwenye mipangilio mpaka akapata pa kukigeuza, na kilipokaa sawa hakunitazama usoni.

Tatizo lililofuata lilikuwa nafasi. Kioo kile kinakupa herufi nane kwa jina, hakuna ya tisa hata ulie. Hapo ndipo nilipoyaona maneno yetu yalivyo na mikia. KARIBUNI liliingia bila shida. KETINI, MAKOFI na SIMAMENI vilevile. TAFADHALI likakatwa mkia, likabaki TAFADHAL. Shoti alipoandika BIBI HARUSI, kioo kikaonyesha BIBI HAR.

"Huyo kapaliwa," alisema Bosi. "Mimi siingii kwa jina hilo."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Spika ndiye aliyemaliza ubishi. Alimsogeza Shoti, akaandika kwa kidole chake BIHARUSI, herufi nane kamili, akaketi kwa madaha. Sikuwa nimemwona na madaha yale tangu hospitali. Nilijua siku ile kwamba nitapigana na yeyote atakayekuja kuniharibia jambo hili.

Shughuli ya kukata sauti ilitumaliza siku nzima. Shoti anafungua kadi, sauti inajaa sebuleni, "Ndugu zangu!" na mimi natoka jikoni mbio kana kwamba nimeitwa, kumbe ni harusi ya watu wa zamani huko. Mara ya kwanza nililia waziwazi. Baadaye nikazoea, nikaanza kucheka utani niliokuwa nimeusahau. Spika mwenyewe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anatikisa kidole pale alipoona alikosea. Hata akiwa bubu, mwanamume yule anajisahihisha.

Jumapili mchana tukafanya mazoezi. Bosi alisimama kwenye korido ya vyumbani amejitanda shuka la kitanda kama shela, mimi nikawa wageni wote. Spika akakaa nyuma ya meza. Akagusa, kioo kikasema KARIBUNI. Akakandamiza. Kimya.

Akaenda kwenye KETINI, akakandamiza. "Karibuni, karibuni sana!"

"Imechelewa kidogo," Shoti alisema. "Endelea."

MAKOFI. "Tuketini jamani, tuketini."

Nikaketi, maana wageni ni mimi. Spika alishaanza kutoka kijasho chembamba, lakini alikuwa kishafika mahali penyewe. Akagusa BIHARUSI, akahakikisha kwenye kioo, akampa binti yake ishara. Bosi akajitokeza, shingo juu, hatua za maringo. Baba mtu akakandamiza.

"Jamani, lile gari bovu lililoziba mlango liondolewe mara moja!"

Bosi alianguka kwenye kochi na shuka lake. Mbavu sina, nami. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tulipofuta machozi tukaona Spika hacheki. Alikuwa amekunja mikono magotini, na simu iko mezani imeandikwa: "Tafuteni mtu mwingine. Sitaki watu wamcheke siku yake."

Kicheko kilikata palepale. Shoti akarukia nyaya, akachomoa, akachomeka, akapuliza matundu, akazima na kuwasha. Kila kibonye kikaendelea kusema maneno ya mwenzake aliyetangulia, na kile cha kwanza bubu. Nilianza kumtolea kaka yangu maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Mama, acha," alisema Bosi. Alikuwa anatafuta viatu vyake. "Baba, saa ngapi? Fundi nguo ananisubiri saa tisa."

Spika akaangalia saa yake ya mkononi, ile ya mishale, akamwonyesha vidole tisa. Halafu akaganda hivyo hivyo na vidole hewani. Akaangalia saa. Akaangalia vidole. Akamvuta Shoti mkono akamwonyesha mshale uliokaa kwenye tatu, akampungia vidole tisa usoni, kisha akaonyesha kidude, kisha kompyuta.

"Nini shemeji? Umechelewa mahali?"

Akapiga meza kwa hasira, akarudia: mshale, tatu. Vidole, tisa. Kidude. Kompyuta.

Mimi ndiye niliyemwelewa, maana nimeishi naye. "Anasema saa yake inasema tatu na sisi tunasema tisa, na hakuna aliyekosea! Kila mmoja kaanzia kuhesabu pake!"

Shoti akafungua mipangilio. Akasoma mstari mmoja kwa mdomo wazi. "Kinaanza na sifuri," alisema. Halafu akapiga kelele, "Kinaanza na sifuri! Kibonye cha kwanza chenyewe kinakiita sifuri, na mimi sauti nimezipanga kuanzia moja!" Akasogeza safu yote nafasi moja. Spika akakandamiza KARIBUNI.

"Karibuni, karibuni sana!"

Tulirukaruka watu wazima wanne sebuleni, shuka la kitanda limemzunguka Shoti kichwani. Spika akabonyeza BIHARUSI. "Na sasa, tusimame, bibi harusi anaingia!" Bosi akaingia mara tatu kwa kupenda kwake. Fundi nguo alimsubiri sana siku ile.

Tukabakiwa na kibonye kimoja tu cha maana, chenyewe tulichokitafutia yote haya. Na hapo tukakwama vibaya.

Lile bati lote halikuwa na neno "mwanangu." Tulisikiliza mpaka masikio yakauma. Spika alisema "binti yao," alisema "kijana wao," alisema "watoto wenu hawa." Angesemea wapi "mwanangu," na wa kwetu hajawahi kuolewa? Simu nayo haikutusaidia. Mtu yule hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti, alikuwa anasema sauti si ya kupoteza kwenye simu, akiulizwa jambo anaandika "Sawa." Na nyumbani mtoto ni Bosi. Nilimwangalia kwa hasira mpya kabisa. Lakini alishaona mwenyewe, alikuwa anatazama sakafu, na hasira ikaniishia.

"Tutaliunga," nilisema.

"Neno haliungwi, dada," alisema Shoti.

"Kaka, mimi naunga nywele kila siku ya Mungu. Mwenye kichwa mwenyewe hajui zake zimeishia wapi."

Tukaanza. "Huyu ni" yalikuwa tele, kila bwana harusi alitambulishwa hivyo. "Ngu" tukaipata kwenye "Ndugu zangu," chagua unayotaka. Ikabaki "mwana." Shoti akakata ya "mwanasheria," kuna mmoja aliwahi kualikwa meza kuu. Akaunganisha, akapiga. Lilitoka neno la mtu aliyejifunza Kiswahili ndani ya ndege akikaribia kutua. Herufi zote zipo, lakini uzito umekaa pasipo pake. Spika akakunja uso.

"Hapana," nilisema. "Kwenye mwanasheria anakimbilia mbele, 'mwana' anaipitia tu. Tunataka mahali alipoikanyagia." Nikawa nayasema maneno kwa sauti huku nazunguka meza. Mwanamuziki, anakimbia. Mwanafunzi, anakimbia. Spika akanifuata kwa macho, midomo yake nayo inacheza bila sauti. Tukafika pamoja, nadhani. Mimi nilifungua mdomo, yeye akanyoosha kidole kwenye bati.

"Kila mwananchi arudi kwenye kiti chake!"

Utani wake ule ule. Shoti aliutafuta, akakata palepale baada ya "mwana," akaipachika "ngu" ya ndugu zangu, akalainisha kiungo. Akapiga.

"Huyu ni mwanangu."

Hakuna aliyeruka safari hii. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, karudi kutoka kwa fundi nguo, hatukumsikia akiingia. Alisema, "Rudia, mjomba," kwa sauti ndogo, na mjomba akarudia. Spika mwenyewe ndiye aliyeandika jina kwenye kioo. Tukahesabu sote kwa macho: MWANANGU. Lilijaa pembe mpaka pembe, herufi nane, halikukatwa kitu.

Tangu hapo hakubanduka kwenye ile kompyuta. Nilidhani anajifunza mpangilio wa vibonye. Nikimkaribia anafunika, nikimuuliza anaandika "Mazoezi." Nikamwacha, nilikuwa na vichwa vya wakwe vya kusuka.

Siku ya harusi sikukaa nyuma. Niliketi ubavuni mwake, kazi yangu kushika waya usichomoke na kumnong'oneza Shoti ole wake. Wageni waliokuwa na habari za ugonjwa walimwona mezani wakaanza kuinamiana kuulizana. Spika akavuta pumzi kupitia kile kitambaa, akakandamiza.

"Ndugu zangu!"

Ukumbi ulipiga kelele ambazo sijawahi kusikia. Watu walisimama, mwingine akalia, wapishi wakatoka jikoni na miiko. Akawaacha, anajua kuwaacha watu wapumue, kisha akabonyeza ule wa mwananchi na kiti chake, nao wakarudi vitini wakicheka. Ile kazi aliipiga. Kidole kinagusa, kioo kinamjibu, jicho linapima ukumbi, kidole kinakandamiza wakati wenyewe. Niliona kwamba ule ujuzi haukuwa kooni tu.

Milango ikafunguliwa. Bosi akaingia kwa sauti ya baba yake, na gari la mtu halikuondolewa. Alipofika mbele, Spika akagusa kibonye chake. MWANANGU, kikasema kioo. Akakaa nacho hivyo, kidole juu yake, mpaka binti yake akageuka kumtazama. Ndipo akakandamiza.

"Huyu ni mwanangu."

Bosi aliacha itifaki zote, akaja na shela lake akamkumbatia baba yake juu ya meza, nami nikakumbatia waya kwa sababu ndio niliokuwa nao. Watu wanapiga makofi bila kuambiwa. Nikadhani tumemaliza, nikatafuta leso.

Nilipoinua uso nikakuta Spika ananiangalia. Kidole chake kiko kwenye kibonye cha mwisho kabisa, kile ambacho Shoti alikiacha kitupu. Akakigusa. Kioo kikaandika MKE WANG. Herufi moja ilikosa nafasi.

Akakandamiza. "Na huyu ni mke. Wangu."

Kaliunga mwenyewe. Ukimsikiliza, "mke" limetoka kwenye harusi moja, anapaza sauti ukumbini, na "wangu" limetoka kwingine kabisa, ametulia, na katikati pana mkato ambao hata mteja kipofu wa saluni yangu angeugusa. Shoti alinijia siku ya pili na kompyuta, akasema kale kaneno kamekatwa vibaya, anaomba akalainishe. Nilimwambia akikagusa nitamkata mkono.